Makopo Mekundu na Pua ya Mbege

Watoto wa shule wanaopita shambani kwangu hapa Poli huniuliza swali moja kuliko yote: "Shikamoo babu. Eti wale mbwa wako walikuwa wanakula baruti?"

Marahaba. Hapana, hawakula baruti. Walikula ugali uliopondwa pamoja na nyama na mchicha, na siku nyingine dagaa, kwa ratiba kali kuliko ya nyumbani kwangu. Ila msilicheke swali hilo. Mtoto anataka kujua mbwa anapata nini katika kazi ile, na mimi niliongoza kikosi cha mbwa miaka mingi kabla sijalijua jibu vizuri. Kwa hiyo ninyi vijana mliokuja juzi kunitembelea, mnaoanza mafunzo ya kazi niliyoiacha, nawaandikia haya. Mliniuliza kuhusu ushindi wangu. Nitawaeleza kuhusu kopo la rangi.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Kazi yetu ilikuwa kulinda abiria wa mabasi pale stendi ya Arusha. Tulikuwa na mbwa watano na waongozaji watano, mimi nikiwa mkuu wao, na mabanda yetu yalikuwa upande wa Elerai. Asubuhi tunashuka stendi, abiria wanapanga mizigo chini kwa mstari, mbwa anapita akinusa. Akikuta harufu ya baruti, hagusi, habweki, hakwaruzi. Anakaa chini tu, kitako, na kumtazama mwongozaji wake. Akikaa sawasawa, anapewa mpira wa tenisi autafune dakika mbili tatu.

Hapo ndipo wengi hawaelewi. Mbwa hatafuti bomu. Hajui bomu ni nini, wala hana chuki na mhalifu yeyote. Mbwa anatafuta mpira wake. Baruti kwake ni njia ya kufikia mpira, na akigundua njia nyingine fupi zaidi, atapita hiyo hiyo bila kukuaga. Nawaomba mlishike neno hili, maana kisa chote kimelala hapo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajenti Mosha, Mkibosho mmoja mfupi, mwenye sauti ndogo sana kwa mtu wa polisi. Yeye alikuwa hapigi kelele hata mbwa akimkojolea buti. Alinifundisha kwamba asubuhi mapema hewa inashuka kutoka Meru na harufu inatambaa chini, kwa hiyo mbwa aanze mstari akiwa anapokea upepo usoni. Saa sita jua likichoma sakafu, harufu inapanda, na mbwa anayenusa chini anapoteza muda wako na wake. Alinifundisha kumpumzisha mbwa kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Alinifundisha pia kumsikiliza anavyovuta pumzi: anapotembea tu utasikia hema-hema, lakini akikuta kitu mdomo unafunga na pua inaanza kukata hewa vipande vipande, haraka haraka. Nilipenda sana kuisikiliza pumzi ile. Hadi leo napenda.

Jambo jingine alilonifundisha niliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari, kisha nikaendelea na upumbavu wangu. Aliniambia, "Mbise, mbwa anakusoma wewe kabla hajasoma begi." Nikaitika ndiyo mwalimu. Siku hiyo hiyo akanitazama nikivuka uwanja na akaongeza, "Halafu wewe unatembea kama ng'ombe mwenye kengele."

Alikuwa anasema juu ya funguo zangu. Nilikuwa na kishada kikubwa cha funguo: za mabanda, za stoo, za geti, za ofisi, na nyingine mbili ambazo hadi nastaafu sikujua zinafungua nini. Kishada kilikaa mfuko wa kulia, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko huo muda wote, unazichezea. Mke wangu alikuwa ananijua nimefika nyumbani kabla sijafika kwenye migomba ya mpakani mwa shamba. Sajenti Mosha alistaafu akaniachia kikosi, nami nikabaki na kengele yangu.

Sasa niwaambie kidogo kuhusu stendi, maana huko hakuna kitabu kitakachokusaidia. Ukimpitisha mbwa katikati ya watu unaanzisha ugomvi. Mzee wa Kiislamu amevaa kanzu safi anakwenda Kondoa kwenye msiba. Pua ya mbwa ikimgusa umemtia najisi kanzu na kumharibia safari. Mama kutoka Kwa Mrombo ana ndoo ya dagaa, na mbwa naye ni kiumbe, ana tamaa. Mwarusha ana mbuzi wawili wanaokwenda Babati, na mbuzi hana adabu mbele ya polisi. Kwa hiyo tuliweka utaratibu: mizigo chini, hatua moja kati ya begi na begi, watu nyuma ya kamba, na mwongozaji anasalimia kwanza. Salamu ile ilituepushia ugomvi mwingi kuliko bunduki.

Asubuhi moja mbwa alikaa mbele ya begi la kijani la mzee mmoja mwembamba. Watu wakarudi nyuma kama maji. Nilimsogelea, nikamwamkia maana alinizidi umri, nikamuuliza ana nini ndani. Akasema, "Nguo, baba, na buti zangu za kazi." Buti zilikuwa za machimboni. Alikuwa fundi wa kulipua miamba Mererani, na vumbi la baruti lilikuwa limeshika kwenye soli. Hakuwa na kosa lolote. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote, nikambebea begi hadi mlangoni mwa basi, na nawashauri mfanye hivyo hivyo. Mtu uliyemtilia shaka hadharani, msafishe hadharani.

Kuna jambo moja la siku ile nililiona na sikuliuliza. Begi lile lilikuwa limeshapitwa na mbwa wengine wawili kabla. Nikasema labda upepo. Mbwa aliyekaa alikuwa mbwa jike aliyeitwa Mbege.

Jina hilo alipewa na mwongozaji wake, Koplo Aikande, binti wa Machame, mwanakwaya, mpole hadi unasahau kama yumo chumbani. Alisema rangi ya mbwa huyo ni ile ile ya mbege iliyokaa kwenye kibuyu siku mbili. Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, na sikutaka kuandika jina la pombe kwenye karatasi za serikali. Kwenye fomu zote nilimwandika "M., jike." Aikande hakubisha. Alikuwa anaisoma fomu, anaikunja, anatabasamu kidogo na kuondoka.

Basi, tuje kwenye kopo.

Kumfunza mbwa unahitaji vipande vidogo vya baruti halisi, visivyo na kiwashio, ambavyo haviwezi kulipuka vyenyewe. Sisi tuliviweka kwenye makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vilivyotobolewa matundu madogo kwa msumari, ili harufu itoke. Kopo unalificha ndani ya begi kuukuu, begi unalichanganya na mengine, mbwa analitafuta. Siku moja nilifanya zoezi hilo pale pale stendini, nikaweka begi letu kati ya mizigo, zoezi likaisha vizuri, nikaitwa kwenye simu. Niliporudi begi halipo. Makuli walikuwa wamelipakia kwenye basi la Singida pamoja na mizigo mingine, na basi limeondoka.

Fikirieni kichwa changu kilivyokuwa. Nilipata namba ya kondakta, lakini nimwambie nini? Nikisema kuna baruti ya polisi kwenye basi lako, watu wataruka madirishani likiwa kwenye mwendo. Nikamwambia kuna dawa ya ng'ombe imesahaulika humo, asimame Makuyuni anisubiri. Tulilikuta pale, abiria wanakunywa soda. Begi letu lilikuwa ndani, chini ya kiti, bibi mmoja ameegemezea miguu na kusinzia.

Kondakta alinitazama mimi, akalitazama gari letu, akasema, "Afande, mimi nimefuga ng'ombe tangu mdogo. Dawa gani hiyo inafuatwa na Land Rover yenye king'ora?"

"Ya minyoo," nikasema.

"Minyoo ya serikali?"

Nikalichomoa begi chini ya miguu ya bibi. Njia nzima ya kurudi nilijisema kwamba jambo hili halitatokea tena. Siku ya pili yake nikachukua rangi ya mafuta nyekundu iliyobaki tulipopaka geti, nikaketi nyuma ya stoo na brashi, nikayapaka makopo yote. Nyekundu ile ya kuonekana toka mbali. Nikapaka juu, chini, ubavuni, hadi vifuniko, na ilipokauka nikarudia. Nilifurahi mno. Nilimwita hadi mpishi aje aone. Masika yalikuwa yanaanza, na nilijisifu kwamba hata kutu haitayapata.

Kila mwezi tulikuwa na jaribio la uwanjani. Mabegi kumi kwa mstari, kopo katika begi moja, ambalo nimelificha mimi mwenyewe. Mwongozaji anapita na mbwa, mimi nafuata hatua moja nyuma na karatasi yangu, naweka vema au naweka kosa. Mbwa akikosa majaribio mawili mfululizo anafutwa. Ndivyo sheria ilivyokuwa, na ni sheria nzuri, kwa sababu mbwa asiyenusa ni hatari kuliko kutokuwa na mbwa.

Jaribio la kwanza baada ya kupaka rangi, mbwa wanne walikaa pale pale penye kopo. Safi. Mbege akapita mabegi yote kumi kama anayetembea Levolosi kuangalia maduka, akafika mwisho akamtazama Aikande. Nikaweka kosa. Jaribio la pili likawa hivyo hivyo. Nikamwita daktari wa mifugo ampime. Daktari akachukua sufuria mbili, akazigonganisha nyuma ya kichwa cha Mbege. Mbege hakutikisa hata sikio. Alikuwa kiziwi, ugonjwa wa masikio ulikuwa umemla taratibu na hakuna aliyetambua, maana Aikande alizoea kumwongoza kwa mkono na kamba.

Kwangu mambo yakawa yameeleweka. Mbwa amezeeka, masikio yamekwenda, na pua imefuata. Nikajaza fomu. Koplo Aikande arudi kwenye kazi za kawaida kituoni. Mbwa M., jike, hafai tena kwa kazi. Enzi hizo mbwa aliyefunzwa kazi ile hakuruhusiwa kugawiwa kwa watu, kwa hiyo maneno "hafai tena" yalimaanisha sindano ya mauti. Daktari angekuja Alhamisi. Nikasaini Jumatatu, nikala chakula cha mchana, wala sikupungukiwa hamu.

Jumatano asubuhi Aikande alikuja ofisini.

"Jambo Afande."

"Jambo. Kama ni habari ya huyo mbwa, nimeshasaini."

"Najua, Afande. Nimekuja kukuazima funguo."

"Za stoo?"

"Zote. Kishada kizima."

Nilimtazama. Mtu mpole akikuomba jambo la ajabu unahisi kama umeulizwa na mtoto wako: ukikataa lazima utoe sababu, na sababu sina. Nikampa. Akaniomba pia nikae kwenye kiti pale barazani na karatasi yangu ya jaribio, na niwaite wenzake wanne na mbwa wao. Akasema yeye atakuwa mkuu wa jaribio kwa nusu saa tu. "Baada ya hapo, Afande, utakachoamua sitasema neno."

Akapanga mabegi kumi. Sote tulimwona akiingia stoo na kutoka, akaweka kitu kwenye begi mojawapo huku ametupa mgongo. Kisha akaweka kishada cha funguo mfukoni, mkono ndani, akaanza kutembea hatua moja nyuma ya mbwa wa kwanza. Cheke, cheke, cheke. Nilishangaa kusikia funguo zangu zikitembea na mimi nimekaa. Walipofika begi la sita, funguo zikanyamaza. Mbwa akakaa.

Mwongozaji wake akafurahi, akatoa mpira. Nami nikaweka vema. Mbwa wa pili, begi la sita, akakaa. Vema. Wa tatu. Wa nne. Nilikuwa na alama nne nzuri kwenye karatasi, na nilishaanza kutunga maneno ya kumfariji Aikande.

Akalifungua begi la sita, akalimwaga mbele ya baraza. Vilitoka vitunguu. Vitunguu vya jikoni, alivyonunua mpishi sokoni Kwa Mrombo.

Mbwa mmoja alikuwa bado anatafuna mpira wake, na sauti ya meno kwenye mpira ndiyo iliyosikika uwanja mzima.

"Kopo liko wapi?" nikauliza.

"Hakuna kopo, Afande. Makopo yote yako stoo."

"Kwa hiyo walikaa kwa ajili ya nini?"

Akatoa mkono mfukoni, akazitikisa funguo, akazinyamazisha. Mbwa wote wanne wakakaa chini kwa pamoja, pale walipokuwa, wakitutazama na ndimi nje, wanangoja mipira. Nawaambia kweli, vijana, katika maisha yangu nimeogopa mara chache. Pale niliogopa.

Mnaelewa kilichokuwa kinatokea? Kila jaribio mimi nilijua kopo liko wapi. Mbwa akilikaribia, nilikuwa nashika pumzi kuona kama atakaa, na mkono wangu mfukoni unasimama. Sikujua kama unasimama. Mbwa walijua. Kwa nini uhangaike kutafuta uzi mwembamba wa harufu kati ya vitunguu na mafuta ya taa, wakati mzee mmoja nyuma yako anakutangazia kwa kengele?

"Tangu lini umejua?" nilimuuliza Aikande.

"Tangu daktari apige sufuria. Nililala nikijiuliza, wenzake wanasikia kitu gani ambacho yeye hasikii? Ndipo nikakumbuka, Afande, kwamba hata mimi nilikuwa nalijua begi kabla mbwa hajakaa. Sote tulikuwa tunajua. Ila hatukujua tunajuaje."

Nikashika neno la mwisho lililobaki la kujitetea. "Sawa. Lakini Mbege alilipita kopo lenye baruti, mara mbili."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lake, na nadhani Aikande alilisikia hilo, lakini hakutabasamu. Alikwenda stoo akarudi na kopo moja jekundu, akanipa mkononi. "Nusa, Afande."

Nikanusa. Rangi. Nikaligeuza kifuniko kwenye mwanga, nikatafuta matundu ya msumari. Hayakuwepo. Rangi yangu, nene, nzuri, ya mara mbili, ilikuwa imeyaziba yote. Mbege alipita mabegi kumi, hakukuta harufu ya baruti katika hata moja, akasema hakuna. Nami nikamwandikia sindano.

Tulikihamisha kipande kwa koleo kwenye kopo tupu la maziwa tulilolikuta jikoni, ambalo brashi yangu haikulifikia, tukatoboa kifuniko chake kwa msumari. Aikande akamtoa Mbege nje ya uwanja, nyuma ya ukuta. Mimi nikaficha kopo, kisha nikaingia ofisini na kufunga mlango, nikachungulia dirishani nyuma ya pazia ili hata uso wangu usionekane. Wakaingia. Begi la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa naomba, na sioni aibu kulisema. Kwenye begi la nane mdomo wake ukafunga, kichwa kikageuka ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina, akarudi nusu hatua, akakaa. Akamtazama Aikande. Na Aikande, ambaye hakujua kopo liko wapi, akatazama dirisha langu kuuliza kama ni kweli. Nilitoka nje nikalia mbele ya askari wangu.

Alhamisi daktari alikuja, tukamnywesha chai na kumpa mbwa wengine awakate kucha.

Lakini kulia hakukumaliza jambo. Jioni ile nilikaa na karatasi za stendini, na ndipo kitu kilipoingia moyoni vizuri. Pale stendini mimi sikuwa najua ndani ya mabegi kuna nini. Kwa hiyo mkono wangu haukusimama, funguo hazikunyamaza, na mbwa wale wanne hawakukaa. Na kila jioni niliandika: hali shwari. Watu walipanda mabasi na watoto wao wakiwa wametuamini. Hakuna baya lililotokea, namshukuru Mungu, lakini hatukuwalinda; tulibahatika tu. Nikakumbuka begi la kijani la yule mzee wa Mererani, lililopitwa na mbwa wawili huku nikichezea funguo nyuma yao.

Niliandika barua kwa mkubwa wangu, nikajishtaki mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama ninaumwa. Kisha akakubali nilichoomba: mbwa wanne watolewe stendini hadi wafunzwe upya, askari waongezwe kupekua kwa mikono, na Mbege afanye kazi peke yake na Koplo Aikande, asubuhi tu, kwa mapumziko marefu. Ilichukua wiki nyingi. Abiria walinung'unika kwa foleni, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye kamba kupokea manung'uniko.

Mambo tuliyobadilisha ninyi mnayakuta yameshakuwa kawaida, na mnafikiri yalikuwepo tangu zamani. Anayeficha kopo haingii uwanjani. Anayepita na mbwa hajui, anayeandika hajui, wala mpishi hajui, maana mpishi naye ana uso. Makopo hayapakwi chochote. Yanafungwa kitambaa chekundu na kuhesabiwa kabla hatujaondoka. Lililo gumu kuliko yote lilikuwa siku za mabegi matupu. Kuna siku unapanga mabegi kumi bila kopo, na mbwa akimaliza mstari bila kukaa, anapewa mpira wake kama kawaida. Waongozaji waliteseka sana. Mtu hapendi kurudi bila kitu. Anaanza kumrudisha mbwa kwenye begi, anakohoa, anavuta kamba, hadi mbwa anamhurumia na kukaa. Msiwalazimishe mbwa wawahurumie. Neno "hakuna" nalo ni jibu, na mbwa anayeweza kulisema kwa ujasiri mpeni heshima yake.

Kinachonishangaza hadi leo ni ile pua. Nimesoma, nimeuliza madaktari, nimelala chini kwenye saruji ya stendi nikanusa begi mwenyewe hadi makuli wakanicheka. Sijui hasa Mbege anasikia nini hewani. Nyie wenye akili mpya tafuteni, mkijua mje mniambie kabla sijafa.

Aikande alichukua kikosi nilipostaafu. Mbege alistaafu mwaka uliofuata, na utaratibu ulikuwa umebadilika kidogo. Baada ya barua tatu nikaruhusiwa kumchukua. Ndiye yule mbwa mzee mliyemkuta amelala kwenye migomba. Mlipofika alinyanyuka, akapita mabegi yenu moja moja, akarudi kulala, na ninyi mkadhani anatafuta chakula. Alikuwa anawakaribisha. Kumwita tunapiga mguu chini, anausikia kwa tumbo. Funguo nilimwachia mtunza stoo, pamoja na zile mbili zisizo na mlango.

Kitu kimoja tu nilichukua ofisini. Ni ile fomu, iliyofutwa kwa mstari wa wino mwekundu, nayo naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Juu ya ile "M., jike" nimeandika jina lake zima. Mkija tena nitawaonyesha. Msihangaike na maneno; tazameni saini yangu chini. Imenyooka, herufi zimekaa sawa, mkono haukusita hata mahali pamoja.